Maneno Ambayo Baba Hakuyasema

Mpendwa Bi Kulthum,

Naomba unisaidie, maana nimeishika kalamu hii mara nne na mara nne nikaiweka chini. Usitaje jina langu kamili gazetini, niite Wamalwa tu, akina Wamalwa kutoka Bungoma tuko wengi Kampala hii. Nina miaka arobaini na saba, nina mke na watoto wawili, tunakaa kwenye fleti Bugolobi, nina biashara yangu ya vifaa vya ofisi niliyoianzia soko la Kikuubo nikibeba maboksi ya watu mgongoni, lakini watu hawanijui kwa biashara, wananijua kwa mdomo. Vyuo vikuu vinanialika. Nasimama mbele ya wanafunzi nazungumza juu ya utumishi, juu ya mafanikio, juu ya kuishi maisha yenye maana, na kwa miaka minane sasa moyo wa mazungumzo yangu ni kisa kimoja, kisa cha marehemu baba yangu, na kisa hicho ni cha uongo.

Baba alikuwa fundi wa baiskeli kule Chwele. Mwaka 1999 alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa wote na ulimi ukafa siku hiyohiyo, akabaki mtu wa kulala na kutoa sauti kama anayesafisha koo. Mama alikuwa ameshatangulia. Mimi nilikuwa tayari Kampala natafuta maisha, na mdogo wangu wa kike, Nabalayo, alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu. Aliacha chuo. Hakuna aliyemwambia aache, na hakuna pia aliyemwambia asiache. Kwa miaka sita alimgeuza Baba kitandani mchana na usiku asipate vidonda, alimsafisha, alimlisha uji wa wimbi kwa kijiko kimoja kimoja, na kijana aliyetaka kumuoa alingoja mwaka mmoja akachoka. Katika miaka hiyo sita mimi nilikwenda nyumbani mara mbili, Krismasi moja, na siku ya kuzika.

Uongo wenyewe sikuupanga. Nilialikwa chuo kimoja kidogo, wanafunzi arobaini hivi, wote wameinamia simu, nikaona nimewapoteza, ndipo nikataja ugonjwa wa Baba, nikasema nyumbani tulimuuguza miaka sita. Wakanyanyua vichwa. Basi katika sentensi iliyofuata nikasema nilimuuguza. Nilibadilisha silabi moja tu, Bi Kulthum, "tu" ikawa "ni", na msichana mmoja mstari wa mbele akafuta machozi. Chuo cha pili nikaongeza jinsi nilivyoacha masomo yangu kwa ajili yake. Chuo cha tatu nikaongeza kwamba karibu na mwisho Baba alirudishiwa ulimi kwa dakika chache, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, umenipa maisha mara ya pili." Hapo ndipo wanaposimama kupiga makofi. Kila mara. Nimelisema hilo mbele ya maelfu ya watoto wa watu na nimefika mahali nalia machozi ya kweli nikilisema.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Baada ya mazishi Nabalayo alibaki na nyumba tupu, na mwaka 2012 akavuka mpaka pale Malaba akaja Kampala. Alikaa kwangu miezi miwili, hakuelewana na mke wangu, akapata chumba Makindye na rafiki yake anayeitwa Moreen, akaniambia amepata kazi "kwa shule." Sikumuuliza shule gani wala kazi gani. Tulikuwa tunapigiana simu mwaka mpya.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilialikwa chuo kikubwa hapa mjini. Ukumbi ulijaa, wengine wamekaa sakafuni. Nilizungumza vizuri kuliko siku zote. Nilipofika kwenye maneno ya Baba walisimama wote, na makofi yalipokwisha nikashuka, nikazungukwa na vijana wa kupiga picha. Akina mama wa usafi wenye ovaroli za kijani walikuwa wameanza kuokota chupa za maji kati ya viti. Mmoja alikuwa amesimama tu na gunia lake, haokoti, ananitazama.

Kiongozi wa wanafunzi, kijana mmoja anaitwa Travis, akamwambia kwa adabu, "Nyabo, mama, tupishe kidogo tupige picha na mgeni."

Hakusogea. Travis akanigeukia. "Mzee, mnafahamiana?"

Bi Kulthum, alikuwa dada yangu. Nikasema, "Ndiyo, tunatoka upande mmoja."

Nabalayo alisikia. Nilimwona akisikia. Hakunikana naye wala hakunisahihisha, alingoja vijana wale watawanyike, akasogea karibu, na aliponiuliza hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Kaka, Baba alikwambia hayo lini?"

Nikatazama mlangoni.

"Kwa sababu mimi hakunisemesha," akasema. "Miaka sita. Hata jina langu. Nilikuwa namwambia, Baba, sema tu Naba, inatosha. Alikwambia lini?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ukumbi umebaki na viti tu. Lakini Travis alikuwa bado mlangoni akinisubiri na gari la chuo, na ulimi wangu umezoea, Bi Kulthum, ulimi wangu ulikwenda wenyewe kama unavyokwenda jukwaani. Nikamwambia, "Ile Krismasi. Wewe ulikuwa kanisani."

Ni kweli alikwenda kanisani Krismasi ile. Nilikuwa nimemwambia aende, nitabaki na mzee, na alifurahi kama mtoto kwa sababu alikuwa hajatoka nyumbani miezi mingi. Lakini mimi sikukaa na Baba. Harufu ya chumba kile ilinishinda. Nilikaa nje ukutani na redio mpaka aliporudi.

Aliposikia neno Krismasi alikaa kwenye kiti cha karibu. Alitazama mikono yake. Akasema, "Kumbe aliweza." Halafu akasema, "Ni kwa sababu nilimpigia kelele. Mwezi wa kumi na moja alimwaga uji kwenye shuka nilizotoka kufua, nikampigia kelele. Nilimwambia bora angekufa siku ileile ya kiharusi. Alinisikia. Akaamua kutonisemesha."

Nikasema, "Hapana, Naba, usiseme hivyo," na nikamgusa bega, na nikaenda kwenye gari. Ndiyo. Nilikwenda kwenye gari.

Wiki mbili baadaye Moreen akanipigia simu, sijui namba yangu aliipata wapi. Akasema, "Wewe ndiye kaka yake? Dada yako haendi kazini. Amekaa tu. Nikimpikia anakula vijiko viwili anaacha. Nikimuuliza ana nini ananiambia, 'Aliweza kuongea, Moreen, alininyima mimi.' Nani huyo alimnyima? Ulimwambia nini?" Nikasema nitakuja. Nimekwenda mara tatu. Mara zote tatu nimeendesha mpaka karibu na kambi ya jeshi ya Makindye, nikasimamisha gari, nikakaa nikitazama watu wakipanda mlima na mifuko ya sokoni, nikageuza. Mara ya mwisho nilimwona Nabalayo kwa mbali amekaa nje ya mlango wao juani. Amekonda. Hakuwa anafanya chochote.

Nilimwambia mke wangu sehemu ya mambo haya, siyo yote, akasema, "Huyo hatakufa kwa maneno. Ukianza kujitangaza muongo, watoto wako watatembeaje?" Na sitaki kumlaumu, kwa sababu na mimi nilitaka aseme hivyohivyo.

Kuna jingine. Kijana mmoja wa Gulu, Okeny, aliniandikia kwamba alisikia kisa changu akaacha kazi yake mpya hapa mjini akarudi kumtunza mama yake mgonjwa, akakaa naye mpaka mwisho, na akasema bila mimi angeishi na majuto maisha yake yote. Ninayo barua hiyo. Naisoma nikijaribu kujiridhisha kwamba uongo wangu umezaa kitu. Nikimwambia Okeny ni uongo, namwachia nini? Na vijana wote wale?

Na sasa chuo kilekile anakofanya usafi, au alikokuwa anafanya, kimeniandikia kwamba wiki ya mahafali watanipa nishani ya utumishi, na wanataka nizungumze juu ya Baba, na wanauliza kama kuna mtu wa familia anayeweza kukaa mbele.

Nimefikiria kusimama siku hiyo na kuungama mbele ya wote. Nimefikiria kukataa kimya kimya na kuacha kuzungumza. Nimefikiria kuacha mambo yalivyo, labda atasahau. Sina nguvu ya lolote. Nakaa ofisini nimefunga mlango, wafanyakazi wanadhani naandika hotuba. Nimewaambia watu miaka minane maisha yenye maana ni yapi, na nikijitazama mimi sioni kitu, Bi Kulthum, naona mdomo tu. Nifanye nini?

Wamalwa,
Bugolobi

* * *

Mwanangu Wamalwa,

Barua yako nimeisoma, nikaiacha, nikaenda kuswali adhuhuri, nikarudi kuisoma tena nione kama hasira yangu imepungua. Haikupungua sana. Lakini wewe umeandika mwenyewe, hukulazimishwa, na hukujipamba, kwa hiyo nitakujibu kama ninavyowajibu watoto wangu.

Umeniuliza juu ya nishani, juu ya ukumbi, juu ya Okeny, juu ya watoto wako watakavyotembea, na mwisho kabisa juu ya maana ya maisha yako. Hukuniuliza Nabalayo atapona vipi. Rudi kwenye barua yako utazame. Dada yako hali chakula, na wewe unaniomba nikuchagulie namna nzuri ya kushuka jukwaani.

Ulipojifanya wewe ndiye uliyemuuguza baba yako, ulimuibia dada yako kazi yake. Hilo ni baya, na watu wengi wameibiwa kazi zao wakaishi. Lakini ulipomwambia "ile Krismasi," ulimuibia baba yake. Miaka sita yote aliyokaa kando ya kitanda cha baba yake umeigeuza ikawa miaka sita ya mzee aliyemnunia. Kila kijiko alichomlisha, sasa anadhani alikuwa analisha mtu aliyekuwa anamchukia kimyakimya. Unaelewa ulichofanya? Nataka ulielewe hili kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Na nikwambie jambo ninalolijua si kwa kusoma. Marehemu mume wangu alilala miaka mitatu kwa kiharusi. Ulimi wake ulikwenda kama wa baba yako. Nami nilimpigia kelele, zaidi ya mara moja, maana mtu anayeuguza peke yake anachoka mpaka anasema maneno ambayo si yake. Na mimi nilijiuliza kwa nini akija ndugu yake anatoa sauti, na kwangu ananitazama tu. Nilikaa na swali hilo muda mrefu mpaka daktari mmoja akanieleza kwa subira kwamba ugonjwa ule hauchagui wa kumsemesha na wa kumnyima. Nakwambia lilikuwa kama kufunguliwa kamba shingoni. Dada yako hana daktari wa kumwambia hivyo, kwa sababu kaka yake amemwambia kinyume chake. Mwenye kuifungua ile kamba ni wewe tu, kwa vile wewe ndiye uliyeifunga.

Kuhusu kuungama mbele ya ukumbi, sitaki. Najua utashangaa. Nakujua sasa, Wamalwa, ulimi wako umezoea, umesema mwenyewe. Utasimama pale, utalia, utasema ulivyoanguka, na watasimama wakupigie makofi kuliko zamani. Mwaka ujao utaalikwa kueleza jinsi ulivyoungama. Nabalayo atakuwa amekuwa kisa chako cha pili, naye amekaa mstari wa mbele amevalishwa gauni jipya. Hapana.

Waandikie chuo barua fupi. Sema kwamba uliyoyasema juu ya kumuuguza baba yako si kweli, kwamba hukumuuguza, na kwamba hutapokea nishani. Aliyemuuguza usimtaje mpaka yeye mwenyewe akubali kutajwa. Usieleze sababu, usiombe radhi kwa kurasa tatu, maana wewe ukipewa kurasa tatu utazitumia. Vyuo vingine vilivyokualika, barua hiyohiyo. Watasema, watacheka, biashara itayumba pengine. Watoto wako watatembea kwa miguu yao kama watoto wengine. Mke wako naye mwambie yote, siyo ile sehemu uliyomkatia.

Okeny usimtumie kujifichia. Huyo kijana alikaa na mama yake kwa mikono yake mwenyewe, hukumshikia hata beseni. Wema wake ni wake, hautafutika ukisema kweli. Muandikie naye, mwambie kwamba maneno ya mzee uliyatunga, lakini kuuguza kulitendeka kweli, ila aliyeuguza ni mtu mwingine. Atakukasirikia, na ana haki.

Lakini haya yote ni ya baadaye. Barua hizo zisiandikwe kabla hujafika Makindye, la sivyo utatumia wiki nzima kuzipanga maneno na utajiambia umefanya kazi.

Mpigie Moreen kwanza. Mwambie unakuja, awepo nyumbani, asimwache peke yake siku hiyo wala siku zinazofuata, na mkubaliane kumpeleka kwa daktari, kwa sababu mtu asiyekula wiki nyingi si wa kutibiwa kwa maneno matupu. Usibebe zawadi. Usibebe picha ya Baba. Usiende na mchungaji wala mzee wa kukuombea, maana utamwacha yeye aseme. Ukifika usikae mpaka ukaribishwe, na useme hivi: "Naba, Baba hakuniambia neno lolote. Krismasi ile nilikaa nje. Nilidanganya." Halafu unyamaze. Najua kunyamaza kutakuwa kugumu kwako kuliko kusema. Usieleze kwamba ulikuwa umechoka, kwamba wanafunzi walikuwa wameinamia simu, kwamba hukupanga. Akikuuliza, mjibu alichouliza basi. Akikutukana, simama hapo. Akikwambia toka, toka, na wiki inayofuata urudi ugonge tena, na akikataa kufungua, uulize ukiwa mlangoni kama amekula, usikilize jibu, uende zako.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Kuna watu hawasamehewi na bado wanatakiwa kusema kweli. Huenda asikuamini hata ukimwambia, huenda akadhani sasa ndiyo unadanganya ili kumpoza, na hiyo nayo utaibeba, utarudia kusema mpaka aamini, hata ikichukua miaka kama aliyotumia yeye. Maana ya maisha yako sijui mimi iko wapi, na safari hii usiitafute. Huna nafasi ya kuitafuta. Kuna mwanamke amekaa nje ya mlango wake anadhani baba yake hakumpenda.

Lile gari nalo liache nyumbani, umeona lina tabia ya kugeuza. Panda boda boda, mwambie dereva akushushe mlangoni kwa dada yako kabisa, siyo kambini, na umruhusu aondoke kabla hujagonga.

Kama unasoma haya na bado hujaenda, weka gazeti chini.

Bi Kulthum